Baruti nyeusi, nitro hafifu au nitro kamili: risasi gani kwa bunduki ya kale ya mitutu miwili?

Risasi ya kaliba .500 yenye ganda la inchi 3 inayouzwa leo inaingia bila kusukumwa kwenye bunduki ya .500 iliyotengenezwa mwaka 1885. Ganda ni lilelile kwa urefu na kwa upana. Kilichobadilika ni mzigo. Risasi ya kale ilibeba greni 136 (greni ni kizio kidogo cha uzito) za baruti nyeusi na kichwa, yaani kipande kinachoruka, cha greni 340 hadi 440, kikitoka kwa kasi ya futi 1,900 hivi kwa sekunde. Ya sasa inabeba kichwa cha greni 570 kwa futi 2,150. Ukipiga hesabu, kichwa cha greni 440 kinatoka na nguvu ya joule 4,800 hivi, na kile cha 570 kinapita joule 7,900. Mitutu iliyopimwa kwa mzigo wa kwanza haikuahidiwa kubeba wa pili. Habari ni hiyohiyo kwa .450 ya inchi 3¼ na .577 ya inchi 3. Risasi kukaa vizuri chemba hakumaanishi bunduki inaiweza.

Bunduki hizi bado zipo Kanda ya Kati ya Tanzania. Nyingine ni urithi, nyingine ziko mikononi mwa wawindaji bingwa wa mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, ambao hawataki kuingia vichaka vya Itigi bila mtutu wa pili ulio tayari. Ulinganisho huu ni wa mwenye bunduki ya namna hiyo anayejiuliza ailishe nini. Njia ziko nne: baruti nyeusi kama ya awali, baruti isiyo na moshi kwa kipimo cha baruti nyeusi, ambayo hapa tutaiita nitro hafifu, mzigo kamili wa nitro (baruti isiyo na moshi), wa kiwandani au wa kujazwa, na kuipumzisha bunduki, kazi ifanywe na nyingine.

Vigezo

Cha kwanza ni alama za upimaji zilizogongwa chuma. Cha pili ni ulengaji: je, kwa mzigo huo mitutu yote miwili inapiga mahali pamoja? Cha tatu ni hali ya hewa yetu, joto la Oktoba na Novemba pamoja na ukavu wa kiangazi. Cha nne ni upatikanaji na sheria. Cha tano ni kazi inayofuata baada ya kupiga, kwa maana bunduki nyingi za zamani zimeuawa na kutu kuliko shinikizo.

Cha kwanza kinavipita vyote. Kama alama hazikubali, hivyo vingine havina haja ya kujadiliwa.

Soma bunduki kwanza

Vua mbao ya mbele, kunja bunduki, toa mitutu na uigeuze. Kwenye bapa la chini, karibu na chemba, ndipo nyumba za upimaji za London na Birmingham, zinazojaribu uimara wa silaha, zilipogonga mihuri. Bunduki ya nitro kamili kwa kawaida ina maneno ya Nitro Proof au herufi NP chini ya taji, na mara nyingi mzigo wenyewe umeandikwa. Ukikuta Cordite 80 na 570 Max, maana yake ilipimwa kwa greni 80 za kodaiti, baruti ya zamani isiyo na moshi, na kichwa cha greni 570, na hapo ndipo kikomo. Kwa .450 ya nitro utakuta 70 na 480, kwa .577 utakuta 100 na 750. Usipoona neno la kodaiti wala nitro, ichukulie bunduki kuwa ya baruti nyeusi hadi fundi silaha athibitishe vingine. Mwaka nao unasaidia: .450 ya nitro ilitolewa na John Rigby mwaka 1898, kwa hiyo bunduki kubwa ya kabla ya hapo haikuzaliwa na nitro kamili, hata kama baadaye ilipelekwa kupimwa upya.

Kisha kagua uzima wake. Ning'iniza mitutu kwa kidole kwenye ndoano yake, uigonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, risasi ya kulehemu inayoshika ubavu kati ya mitutu ni nzima. Ikitoa mlio mfu, kuna mahali pameachia, na hapo hakuna mzigo ulio salama wala ulengaji wa kuaminika. Tazama ndani ya mtutu ukielekea mwanga: kivuli chenye umbo la pete ni dalili kwamba mtutu umevimba. Funga bunduki huku umeweka ukanda wa karatasi ya sigara kati ya mitutu na uso wa mwili. Karatasi ikivutika kirahisi, bawaba imelika. Angalia pembe ambapo uso huo unakutana na bapa la mwili, kwa lenzi, ukitafuta ufa mwembamba kama unywele. Angalia pia shingo ya kitako. Mwisho, ukiwa na risasi bandia, vuta kifyatuo cha mbele, ambacho ndicho cha mtutu wa kulia, kisha gonga kitako kwa kiganja. Mtutu wa kushoto ukijifyatua wenyewe, bunduki hiyo siku moja itapiga yote miwili kwa mpigo, na .577 ikifanya hivyo inaweza kuvunja bega.

Kipimo cha mwisho ni kipenyo. Sukuma kipande cha madini laini ya risasi kilichopakwa mafuta kutoka mwanzo wa mtutu hadi mdomoni, kisha ukipime kwa maikromita kwenye sehemu pana zaidi. Kwa .500 tarajia .510 ya inchi, kwa .450 tarajia .458, lakini mitutu ya zamani hutofautiana na hata miwili ya bunduki moja inaweza isilingane. Kichwa kisizidi kipenyo cha mtutu ulio mwembamba zaidi. Vichwa vigumu vya shaba tupu visivyo na mifereji uviepuke kabisa: havibonyei, na mitutu myembamba inaweza kuonyesha michirizi kwa nje.

Baruti nyeusi

Kwa bunduki isiyo na alama za nitro hili ndilo chaguo lenye ushahidi zaidi, kwa sababu ndilo ililopimwa nalo. Mitutu ya chuma cha kusokotwa, ile yenye mawimbi kama ya mbao, isitoke hapa. Shinikizo linapanda taratibu, na mjazaji mwangalifu ni vigumu kukosea sana, maana ganda lenyewe halina nafasi ya kuzidisha maradufu. Sharti moja lisivunjwe: kusiwe na nafasi tupu kati ya baruti na kichwa. Baruti ibanwe kidogo, juu yake diski ya karatasi ngumu, kisha diski ya nta na mafuta ya ng'ombe, kisha kichwa cha risasi laini. Ukiacha hewa katikati, mtutu unaweza kuvimba pete mbele ya chemba.

Ulengaji ndipo inapong'ara. Bunduki ya mitutu miwili haikuunganishwa sambamba. Mitutu inakaribiana kuelekea mdomoni, kwa sababu inapopiga teke mtutu wa kulia unasukumwa kulia na wa kushoto unasukumwa kushoto kabla kichwa hakijatoka. Fundi aliirekebisha kwa mzigo mmoja na kasi moja. Ukirudisha mzigo ule, mitutu inarudi nyumbani.

Hali ya hewa ya Dodoma ina neno lake. Mabaki ya baruti nyeusi ni laini penye unyevu na hukauka yakawa magumu penye hewa kavu. Agosti hadi Oktoba, baada ya risasi nne au tano, mtutu hujenga ukoko na ulengaji hutawanyika. Dawa yake ni kupuliza pumzi ndani ya mtutu kwa mrija kati ya mapigo, bunduki ikiwa imekunjwa na chemba zikiwa tupu, au kupitisha kitambaa chenye maji kidogo. Joto halisumbui sana. Kinachosumbua ni usafi: siku hiyohiyo, kabla ya kulala, maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta, rudia kesho yake. Maganda nayo yaloweke kwenye maji ya sabuni. Usiku mmoja wa Januari, mvua ikiwa imeshika, unatosha kuchora vidonda ambavyo havitoki.

Inamfaa mwenye bunduki ya kabla ya 1898, mpenda shabaha, na mwindaji wa kongoni, ngiri au tandala kwa mita 50 hadi 80. Kwa nyati kwenye kichaka haimfai: wingu la moshi linaficha mnyama sekunde ileile unayomhitaji.

Nitro hafifu

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, watengenezaji wa Uingereza walitoa risasi za kati: kodaiti kidogo na kichwa kilekile chepesi, zikiigiza kasi ya baruti nyeusi. Leo kodaiti haitumiki. Wajazaji hutumia baruti za kisasa zisizo na moshi. Faida zinaonekana haraka. Hakuna moshi mzito, kusafisha ni kitambaa na mafuta, na ulengaji ukifuata kasi ya awali unaweza kuwa mzuri sawa na wa baruti nyeusi.

Lakini hapa ndipo wengi hujiumiza. Mzigo hafifu unajaza sehemu tu ya ganda kubwa. Bunduki ikiinamishwa, baruti inalala mbele na kuacha fataki, kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, ikipulizia hewa. Risasi moja inachelewa kuwaka, ya pili inapanda shinikizo ghafla. Kwa hiyo kijazio ni sehemu ya mzigo. Usufi safi uliochambuliwa mbegu zote, au sponji nyepesi iliyokatwa kwa kipimo, ujaze nafasi yote kuanzia baruti hadi chini ya kichwa. Kijazio kikibanwa juu ya baruti na kuachiwa pengo mbele, kinaruka na kugonga kichwa, na gongo hilo huvimbisha chemba. Usufi upimwe kwa mizani kama baruti yenyewe, greni kwa greni, na kila ganda lipate uleule. Ukibadilisha usufi kwa sponji, umebadilisha mzigo. Anza upya kutoka chini.

Jambo la pili ni namba. Kuna kanuni za asilimia zinazozunguka midomoni, za kuchukua sehemu fulani ya uzito wa baruti nyeusi. Kanuni ya namna hiyo ilipatikana kwa aina moja ya baruti na haihami kwenda nyingine. Chukua mzigo kutoka jedwali lililochapishwa kwa kaliba hiyo, urefu huo wa ganda, kichwa hicho na baruti hiyo. Anza na mzigo wa chini wa jedwali, si chini yake, maana baadhi ya baruti za polepole huwaka vibaya zikipunguzwa mno. Panda greni moja kwa wakati. Na isije ikatokea hata mara moja ukapima baruti isiyo na moshi kwa kikombe cha baruti nyeusi: kujaza ganda hilo hivyo ni kutengeneza bomu.

Inamfaa mwenye mitutu ya chuma imara, si cha kusokotwa, ambayo fundi ameikagua, na ambaye ana mizani ya kusoma sehemu ya kumi ya greni, kifaa cha kupima kasi na subira. Kwa nguvu ya kuangusha mnyama haipiti baruti nyeusi, wala haikusudiwi kuipita. Anayeongeza kidogo ili ifae nyati ameshatoka kwenye nitro hafifu bila kujua.

Nitro kamili

Kwa bunduki yenye alama za kodaiti zinazosomeka, hapa ndipo mahali pake. .450 ya nitro hutupa greni 480 kwa futi 2,150, .470 greni 500 kwa kasi hiyohiyo, .577 greni 750 kwa futi 2,050. Risasi za kiwandani za kaliba hizi bado zinatengenezwa, Hornady na Kynoch zikiwemo, na hufuata kasi za awali ili zilingane na mitutu ya zamani.

Shinikizo lake ni la chini kuliko watu wanavyodhani. Kikomo cha .470 kwa vipimo vya Ulaya ni baa 2,700 hivi; .375 ya Holland & Holland inaruhusiwa karibu 4,300. Ndiyo sababu mazoea ya bunduki ya boliti yanapotosha hapa. Kwenye .375, mjazaji huangalia fataki iliyobapa au boliti inayokwama. Bunduki ya kukunja ikifika kwenye fataki iliyobapa, imeshapita mbali kikomo chake na bawaba inaumia. Dalili ya mapema ni kasi: ikizidi ile ya awali hata kwa futi 50, rudi nyuma. Dalili ya pili ni bunduki kukataa kufunguka kirahisi.

Joto ndilo adui mkubwa wa chaguo hili. Kodaiti ilikuwa nyepesi kuathirika na joto, na watengenezaji walipunguza mzigo kwenye risasi za nchi za joto. Baruti za kisasa zimetulia zaidi, si zote kwa kiwango kimoja. Risasi zilizolala kwenye dashibodi ya Land Cruiser mchana wa Novemba, Manyoni, zinaweza kupita nyuzi 60. Ziwe kwenye kopo la kuhifadhi baridi, bila barafu, chini ya kiti, na mzigo ujaribiwe mchana wa joto, si saa moja asubuhi.

Kujaza mwenyewe badala ya kununua kunafaa pale bunduki inapotawanya risasi za kiwandani. Ila teke na shinikizo havikusamehi, na kijazio kinahitajika hapa pia kwa baruti zinazoacha nafasi. Kwa mwenye bunduki isiyo na tabia ngumu, risasi za kiwandani zina faida moja kubwa: zote zinafanana.

Kuhusu makopo ya Kynoch ya zamani yanayoibuka kwenye masanduku ya urithi: usiyapige. Fataki za enzi hizo huchoma mtutu, nyingine zina zebaki inayofanya shaba iwe kama gamba la yai, na kodaiti iliyokaa miongo kwenye joto haitabiriki. Yakabidhi polisi.

Inamfaa mwindaji bingwa anayehitaji kusimamisha nyati au tembo kwa mita 15 hadi 25, na ambaye bunduki yake imesema yenyewe, kwa mihuri, kwamba inaweza.

Kuipumzisha

Chaguo hili halina baruti, na kwa baadhi ya bunduki ndilo pekee la haki. Mtutu uliovimba, ufa kwenye pembe ya mwili, mihuri iliyofutwa kwa kung'arishwa, chemba iliyochongwa upya bila kupimwa upya: kila moja peke yake inatosha. .375 ya boliti yenye kichwa cha greni 300 inafanya karibu kazi zote za Rungwa na Swagaswaga, na risasi zake hupatikana kirahisi kuliko za kaliba kubwa za Kiingereza. Kinachopotea ni mtutu wa pili wa papo hapo. Mbele ya tembo anayekuja, hilo si dogo, na anayesema ni dogo hajafikiria muda wa kuvuta boliti.

Bunduki iliyopumzishwa bado inahitaji mafuta kila baada ya miezi mitatu, na ulalo mkavu usiogusa ngozi ya mfuko, maana ngozi hunyonya unyevu. Ilaze na mdomo ukielekea chini ili mafuta yasiloweshe mbao ya kitako.

Sheria, kwa zote nne

Umiliki unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bunduki ya urithi hairithiwi kimyakimya. Umiliki lazima uhamishwe polisi kabla ya kuigusa kwa matumizi. Kabla ya kununua hata fataki moja kwa ajili ya kujaza, andika barua kwa ofisi iliyokupa leseni na usubiri jibu la maandishi kuhusu baruti na vifaa. Baruti nyeusi ni kilipuzi na haisafirishwi kwenye basi. Wengi watakuta njia iliyonyooka ni risasi za kiwandani kupitia muuzaji mwenye leseni, na hilo pekee linaweza kukuamulia.

Kuijaribu

Kwa chaguo lolote kati ya matatu ya kwanza, risasi za kwanza zisipigwe begani. Ifunge bunduki kwenye matairi mawili ya zamani, vuta kifyatuo kwa kamba ya mita 15 ukiwa nyuma ya ukuta au mti mnene. Mtutu mmoja, risasi moja, kisha fungua na ukague ganda, ukiligusa kwa kucha juu kidogo ya kitako kutafuta mkunjo. Isipolipuka, subiri dakika nzima mdomo ukielekea kwenye kingo ya udongo.

Ukishahamia begani, weka shabaha mita 50. Mkono wako ukae kati ya mbao ya mbele na mfuko wa mchanga. Bunduki ikilala moja kwa moja kwenye mfuko inaruka juu na kudanganya. Piga kulia, kisha kushoto, kisha acha mitutu ipoe hadi uweze kuishika bila kuungua. Matundu manne ndani ya sentimita nane ni ulengaji mzuri kwa bunduki ya umri huu.

Soma karatasi hivi. Mtutu wa kulia ukipiga kulia na wa kushoto ukipiga kushoto, kasi ni ndogo mno, kichwa kinakawia na teke linapata muda wa kuipanua. Ikipishana, wa kulia ukaenda kushoto, kasi imezidi, punguza. Ikitawanyika wima tu, tazama namna unavyoishika kabla ya kulaumu mzigo. Na ikiwa bado inapanuka ukiwa umefika kikomo cha muhuri, hapo pana ukuta. Badilisha uzito wa kichwa au rudi kwenye chaguo la chini. Usiongeze baruti kutafuta karatasi nzuri.

Kwa hali yako

Bunduki ina nyundo za nje, mitutu ya kusokotwa, haina neno la nitro: baruti nyeusi au kuipumzisha, hakuna la katikati.

Mitutu ya chuma imara ya miaka ya 1880 au 1890, bawaba imekaza, una kibali cha kujaza na huogopi kazi ya mizani: nitro hafifu. Huna kibali au kifaa cha kupima kasi: usianze.

Muhuri unasoma kodaiti na uzito wa kichwa, unafanya kazi ya kusindikiza wageni Rungwa: nitro kamili ya kiwandani yenye uzito uleule wa kichwa ulioandikwa. Nunua pakiti za toleo moja, jaribu mbili kwenye shabaha kabla ya msimu kufunguliwa Julai, na zilizobaki zifungie kwenye kopo lake.

Muhuri unasoma vizuri lakini kaliba yako haipatikani kwa muuzaji yeyote: tembea na .375 msimu huu, bunduki ya kale ikae na mafuta yake hadi risasi zifike.

Umerithi, hujui mihuri inasema nini, na jamaa wanataka kuipiga kwenye sherehe: funga kabati, piga picha za bapa la mitutu kwa mwanga wa pembeni, mpelekee fundi silaha mwenye leseni.